Mate ya Watu Wawili

Itambulikane kwa wote, wakazi na wapitaji, wenye kazi na wasio na kazi, kwamba habari ni jambo lililosemwa au kuandikwa na mtu mwenye akili timamu, likapokelewa na mtu mwingine mwenye akili timamu. Itambulikane pia kwamba kuku ni ndege wa nyama na mayai; kwamba ndani ya kuku, awe mkubwa au kifaranga, hamna habari yoyote imhusuyo mwanadamu; na kwamba kumbeba kuku huyo kutoka wilaya hadi wilaya kwa nia ya kumpasua na kumsoma ni kueneza kideri, maradhi ya kuku. Mwisho itambulikane kwamba mgonjwa asiyeitika aitwapo mara tatu kwa sauti ya kawaida hana fahamu, na lisemwalo mbele yake halimfikii. Hivyo jamaa zake wasipoteze muda wa kazi kwa kukaa naye wakimsemesha.

Ndivyo Kamati ya Afya na Ustawi wa Machimbo ilivyotangaza mwaka 1953, baada ya kikao kilichoanza asubuhi na kwisha kabla ya chakula cha mchana. Mambo ambayo wenye dini na wenye vitabu wameyasumbukia tangu zamani, kamati iliyamaliza kwa vifungu vitatu na birika moja la chai.

Tarishi aliyeletwa kulisoma tangazo hilo Nyarugusu alifika jioni, mvua imekatika, watu wametoka mashimoni wamejaa tope mpaka kwenye nyusi. Alitafuta mahali pakavu pa kusimama akapata pamoja tu, mbele ya mlango wa Marselino mchimbaji. Akasoma, mahali pamoja akakosea mstari akaanza upya. Wengine walikuwa wananawa, wengine wanagombania ndoo. Mtu mmoja aliuliza kama ni habari za posho. Alipoambiwa si za posho, akaenda zake. Tarishi akakunja karatasi, akapanda baiskeli, na Nyarugusu hakurudi tena.

Januari alikuwa amekaa kizingitini pa nyumba hiyo hiyo, kikapu mapajani, na ndani ya kikapu mna kifaranga. Katika tangazo zima alinasa neno moja, kideri, akafunika kikapu kwa kofia. Hakuwa mtu wa kubishana na serikali. Hakuwa, kwa kweli, mtu wa kubishana na yeyote. Kubishana kunataka pumzi, na pumzi yake ilikuwa imebaki shimoni.

Kazi yake ilikuwa kubeba vifaranga. Mtu wa machimboni akiugua ugonjwa usioeleweka, au akiugua mtu wake, hutwaliwa kifaranga, mate ya mgonjwa yakapakwa mdomoni mwa ndege, ndege akameza. Kuanzia hapo, kwa watu wa huku, kifaranga si kifaranga tena. Ni yule mgonjwa, ila sasa anabebeka. Anapelekwa kwa mfumu, yaani mwaguzi, huko Ushetu; mfumu anampasua, anatazama bawa, kifua na matumbo, anasema kilichomo. Mgonjwa hahitaji kwenda wala kueleza. Na anayebeba hatakiwi kujua lolote. Anatakiwa kuwa njia tu.

Kuwa njia Januari alijifunza vitani. Alichukuliwa kutoka Shinyanga akiwa na ng'ombe wa baba yake na meno yote, akapelekwa Burma, na huko Burma akabebeshwa mgongoni magurudumu ya waya wa simu. Maofisa walisema maneno ndani ya waya, maofisa wengine wakayasikia ng'ambo ya mlima, na Januari alijua neno moja tu kuhusu habari: kwamba yenyewe haina uzito, ila kinachoibeba kinavunja mgongo. Aliporudi akaingia mgodini. Vumbi lilipomjaa kifuani, akatolewa mgodini. Vifaranga vilikuwa vyepesi.

Safari hii kifaranga alikuwa Paskazia, mke wa Marselino. Alikuwa akiponda mawe kwenye kinu pamoja na wanawake wenzake, akaacha mchi, akakaa chini polepole kama mtu aliyekumbuka jambo, na tangu hapo hakusema neno. Amelazwa mkekani nyuma ya mlango ule, macho yako wazi. Uji ukitiwa mdomoni anameza. Akiitwa haitiki.

Tarishi alipoondoka, dresa wa zahanati, Bwana Cornel, aliingia na uwezo mpya aliopewa na kifungu cha tatu. Akasimama juu ya mkeka, akaita: "Paskazia! Paskazia! Paskazia!"

"Mbona unamwita kama mwizi wa mbuzi?" aliuliza Euphrasia, dada wa Marselino, aliyekuwa anamshika wifi yake kichwa.

"Agizo linasema sauti ya kawaida."

"Hiyo ndiyo ya kawaida? Basi pole yake mkeo."

"Mayu, mama yangu, nimemwita mara tatu. Hana fahamu."

"Na uji anaomeza?"

"Kumeza ni kazi ya koo. Hata mfereji unameza."

"Mfereji haupaliwi," alisema Euphrasia. Lakini alisema kwa kuchoka, maana yeye ndiye aliyekuwa akimlisha, akimgeuza, akimfulia, na usiku halali. Dresa alipotoka, Euphrasia mwenyewe ndiye aliyeanza. Akamwambia kaka yake pale pale, juu ya kichwa cha mgonjwa, kwamba mtu aliyekwisha kwenda hakai katika nyumba ya watu wa shimo, ataita wengine. Apelekwe kwa baba yake Buseresere, akamalizikie huko. Jumamosi lori la Bwana Nazir linakwenda. Wajomba wa Marselino, waliokuwa wamekuja kusaidia kuwaza, waliwaza hivyo hivyo. Wakaendelea mpaka kwenye vitenge vyake nani avichukue, na mtoto gani alelewe na nani, na mmoja akasema, si kwa ubaya, kwamba mwanamke huyu hata alipokuwa mzima hakuwa mwepesi wa kuitika.

Kila mtu alijua ile barabara ya Buseresere wakati wa mvua. Mzima hufika ameumia. Kumpakia Paskazia kwenye lori kulikuwa jina la heshima la jambo jingine.

"Mpaka Januari arudi," alisema Marselino. "Akija na neno kwamba ameondoka, nampakia mwenyewe. Akija na neno kwamba yupo, hatoki hapa."

"Na asipofika kabla ya Jumamosi?"

Marselino akamtazama Januari. Januari akatazama kikapu.

"Nitafika, baba," alisema. Hakuwa na hakika. Alikuwa amezoea kusema hivyo.

Nusu ya kwanza ya njia alipata lifti kwa Nazir mwenyewe, aliyekuwa akienda kusini kuchukua karanga. Nazir alikuwa mtu wa maneno mengi na breki chache. Alipoambiwa ndani ya kikapu mna mke wa Marselino, hakucheka, alipunguza mwendo.

"Sisi tumefundishwa," alisema, "maiti akishazikwa anasikia mpaka kishindo cha viatu vya wanaoondoka kaburini. Maiti, Mzee Januari! Sasa wewe unauliza kama mgonjwa yupo."

"Mimi siulizi, Bwana Nazir. Mimi nabeba."

"Lakini una maoni yako?"

"Nilikuwa nayo. Yalikuwa yananichosha."

Nazir alicheka sana, akampa mfuko mdogo wa karanga mbichi, akamshusha njia panda.

Kutoka hapo ilikuwa pori, mbung'o na mvua. Mvua ya upande huo hainyeshi, inahamia. Siku ya pili Januari alifunua kikapu akamkuta kifaranga amelala ubavu, manyoya yameganda, mdomo unafunguka na kufunga bila sauti. Mtama aliotiwa mbele yake hakuutazama. Maji ya kwenye jani aliyaacha yatiririke.

Sharti la kazi hii alilijua kuliko jina lake la ubatizo: kinywa cha mbebaji kisimguse ndege. Lakini alikuwa ameketi chini ya mti usiofaa kitu, analowa, na mikononi ana kitu kidogo kinachopoa. Mikono ikafanya yaliyokuwa yakifanywa na mikono ya mama yake nyumbani Shinyanga, kila kifaranga alipozidiwa na baridi. Akatia karanga mdomoni, akazitafuna mpaka zikawa uji, akafungua mdomo wa kifaranga kwa ukucha, akamlisha kinywa kwa kinywa. Mara moja. Mara nyingine. Akamtia ndani ya shati, akaondoka. Alikuwa amekwenda mbali kabla hajakumbuka alichofanya, na alipokumbuka hakusimama. Kusimama kusingemtoa karanga tumboni.

Mfumu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, Maganga, aliyerithi kazi kwa bibi yake bila kuombwa ridhaa. Januari alimkuta shambani anapalilia, shavu limevimba kwa jino.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole na jino."

"Linanimaliza. Watu wanasema mbona hujiagui? Nawaambia, na kinyozi naye?" Akanawa mikono. "Nani huyu?"

"Wa Nyarugusu."

Maganga hakuuliza zaidi. Kuuliza si sehemu ya kazi. Akamchukua kifaranga, akamsemesha kidogo kwa Kisumbwa, akamaliza haraka. Akamfungua kifuani, akatandaza ngozi ya bawa kuelekea kwenye mwanga. Alitazama muda mrefu. Kuku wa jirani walikuja, wakasimama kwa mbali.

"Mwenye mate haya yupo," alisema mwishowe. "Hajaenda popote. Anasikia kila kitu. Ila amechoka kujibu."

Lilikuwa neno jema, neno ambalo Januari alitumwa kulitafuta. Tatizo ni kwamba alimfahamu mtu huyo. Alikuwa akiamka naye kila siku tangu Burma: mtu aliyesikia yote na kuchoka kujibu.

Maganga alikuwa bado anapekua. Akapasua firigisi, akanusa kidole.

"Huyu alikula nini?"

"Mtama."

"Mtama gani wenye mafuta? Hii karanga. Tena imetafunwa." Akainua macho. "Mzee Januari, kifaranga hana meno."

Januari akaketi juu ya jembe.

"Mvua ilikuwa inamuua," alisema. "Ningekuletea mzoga."

"Mzoga hausomeki, sawa. Lakini ungekuwa mzoga wa mtu mmoja."

"Basi hayo uliyoyasoma ni ya nani?"

"Nitajuaje? Mate yakishaingia hayatajiani majina. Mko wawili humu, kama maziwa ya ng'ombe wawili katika kibuyu kimoja. Haya, yatenganishe."

"Wewe ndiye mwaguzi."

"Na wewe ndiye njia! Njia ikiota mdomo, mimi nifanye nini?" Akashika shavu, hasira ilikuwa imeliamsha jino. Kisha akasema kwa upole kidogo, "Unaumwa?"

"Kifua tu. Vumbi."

"Na kuchoka?"

"Kuchoka si ugonjwa."

"Humu ni ugonjwa," alisema Maganga, akionyesha kwa kisu. "Kamlete mwingine."

Lakini kumleta mwingine kulikuwa safari nzima ya kwenda na kurudi, na Jumamosi haikuwa na subira hiyo. Maganga alimpa kiazi cha moto na maneno ya mwisho: "Peleka kama yalivyo. Mimi nimesoma kilichokuwepo. Aliyekuwemo mtajuana wenyewe."

Njia ya kurudi Januari alikuwa na nafasi ya kuwaza, jambo ambalo kwa kawaida alilikwepa. Angeweza kusema neno moja tu: yupo. Nani angejua habari za karanga? Paskazia asingepakiwa. Lakini kama aliyekuwemo ni yeye Januari, basi angekuwa amewapa watu mzoga wa kulisha, na Euphrasia asingelala tena mpaka naye alale moja kwa moja. Aligeuza jambo hilo upande huu na upande ule. Hakuamua kwa wema. Aliona tu kwamba uongo nao ni mzigo, na tofauti na kifaranga, hakuna mahali pa kuufikisha ukaambiwa tua. Mgongo wake ulikataa.

Alifika Ijumaa, jua linashuka. Walikuwa wamekwisha kumfunga Paskazia kitenge cha safari. Januari aliketi, akaomba maji, akasema yote: bawa, neno, mvua, karanga. Aliyasema Paskazia mwenyewe amelala pale, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya chumba kimoja.

Euphrasia akasema, "Kwa hiyo, Mzee Januari, wifi yangu aendelee kulishwa kwa sababu wewe umechoka?"

"Inawezekana, mayu."

"Mtu mzima na akili zako, unamtafunia kuku!"

"Ni kweli."

"Basi hakuna neno," alisema mjomba mmoja. "Tupakie."

Marselino alikuwa mtu mfupi, mzito wa mawazo, aliyezoea kupima kwa kiganja. "Mate yalikuwa ya watu wawili," alisema. "Basi neno ni la wawili. Kama nusu ni ya huyu mzee, nusu ni yake."

"Nusu ya neno ndiyo nini?"

"Sijui. Lakini ikiwa nusu yake ipo, nyinyi mtapakia nusu gani?"

Kamati haikuwa imeweka kifungu juu ya nusu. Marselino akatoka, akaenda kumwambia Nazir asisubiri mtu.

Ndipo aibu ilipoingia ndani ya nyumba ile. Ilikuja taratibu, mmoja mmoja, kila mtu alipokumbuka aliyoyasema juu ya ule mkeka. Mjomba aliyesema habari za kuitika alikumbuka ana kazi kwake, akaondoka bila kuaga. Euphrasia alitoka akakaa nje akachambua mchicha uliokwisha kuchambuliwa. Asubuhi aliingia, akapiga goti kama inavyopasa.

"Mwangaluka, wifi."

Akangoja. Salamu ya Kisukuma haina haraka. Ina majibu yake na majibu ya majibu, habari za nyumbani na za ng'ombe. Euphrasia alingoja muda ambao Paskazia angeutumia kujibu kila moja, kisha akaendelea na inayofuata, mpaka mwisho. Halafu ndipo akamlisha. Ikawa desturi ya nyumba: aingiaye anasalimu, anangoja, haongei juu ya mgonjwa ila na mgonjwa. Bwana Cornel alipopita aliwaambia wanapoteza muda wa kazi. Walimwambia asalimu kwanza.

Januari naye aliingia, siku Euphrasia alipokuwa mtoni. Akavuta kigoda.

"Mwangaluka, mayu," alisema, akangoja. "Nimekuchanganya na mimi. Kama aliyechoka ni mimi, unisamehe. Kama ni wewe, basi pumzika, hakuna haraka." Alitaka kuongeza kitu, lakini usingizi ukamkuta pale pale juu ya kigoda, kidevu kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze hakukohoa. Euphrasia aliporudi akawakuta hivyo wote wawili, mmoja macho wazi na mwingine yamefumba, akashusha mtungi polepole.

Vifaranga Januari hakubeba tena. Sharti ni sharti, na mwenyewe ndiye aliyewaambia watu. Alipewa kazi ya kulinda mashimo usiku, kazi ambayo haihitaji mtu kuwa njia ya yeyote.

Karanga zilipovunwa, Paskazia alikunja kidole. Baada ya hapo akageuza shingo. Neno la kwanza lilikuja wakati wa vumbi, nalo lilikuwa kuomba chumvi. Mkono wa kulia haukurudi, na maneno yalitoka moja moja, yakivutwa kama ndoo kutoka kisima kirefu. Watu walimiminika kumuuliza alikuwa wapi, ameona nini, alikuwa anasikia au hasikii. Hasa wale waliokuwa na sababu ya kutaka kujua. Paskazia aliwatazama akasema ana njaa. Januari peke yake hakumuuliza. Alipokuja kumjulia hali walikaa tu, na kwa kweli hao wawili walikaa vizuri.

Kuelekea mwisho wa mwaka kamati ilimtuma karani kuhakikisha kwamba tangazo lilikuwa limeeleweka. Akakusanya watu pale pale mbele ya mlango wa Marselino, akauliza nani anaweza kurudia lilivyosema. Mmoja akasema lilihusu posho. Mwingine akasema lilikataza kuku wa Ushetu. Bwana Cornel alikumbuka mara tatu na sauti ya kawaida, akaishia hapo. Januari alisema kideri.

Aliyelirudia lote alikuwa Paskazia, akiwa amekaa mkekani na mkono wa kulia mapajani: vifungu vyote vitatu, neno kwa neno, pamoja na pale tarishi alipokosea mstari akaanza upya.